Usiku niliuchukua mimi: tulivyomwachisha ziwa binti yetu

Mimi ni fundi baiskeli. Kijiwe changu kiko Ngamiani, Tanga, chini ya mwarobaini, na nyumba tuliyopanga iko hatua chache tu nyuma yake. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila ya ukaribu huo haya ninayoyaeleza yangekuwa mazito zaidi, na sitaki baba anayetoka alfajiri na kurudi usiku aone namnyooshea kidole.

Binti yetu ana jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo mimi humwita "mama". Mke wangu humwita "mama mkwe", na akigoma kula humwuliza, "Mama mkwe, leo nimekukosea nini?" Alipofika miezi 22, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mtoto alikuwa bado ananyonya, mchana mara tano au sita, usiku haihesabiki.

Maneno yakaanza uani. Kina mama wawili watatu walimwambia mke wangu kwamba mtoto anabemendwa, kwamba maziwa ya mwenye mimba yameshaharibika na mtoto atalegea miguu. Hawakusema kwa ubaya, ndivyo walivyolelewa. Lakini nilikuwa naingia ndani namkuta mke wangu ananyonyesha huku machozi yanamtoka, nikaona hili haliwezi kuendelea hivi.

Tukaenda kliniki wote wawili. Muuguzi alimpima mtoto, kilo 10 na gramu 600, akatia nukta kwenye kadi, na nukta ikakaa pazuri. Akatueleza kwamba mimba haiharibu maziwa. Kinachotokea ni kwamba maziwa hupungua mimba inapokua, na chakula cha sahani kisipoongezwa mtoto hudhoofu, watu wakasema amebemendwa. Akasema ushauri ni kunyonyesha mpaka miaka miwili na hata zaidi, ila mama mwenyewe naye asikilizwe. Akamgeukia mke wangu, akamwuliza, "Wewe unatakaje?" Mke wangu akajibu, "Nimechoka, dada." Nilikuwa sijamsikia akilitamka hilo hata siku moja. Asubuhi alikuwa anatapika, mchana anapika na kufua, usiku mtoto yuko kifuani mpaka adhana. Mimi wakati wote huo nilikuwa nalala.

Wiki ile sheikh mmoja wa mtaani aliniletea baiskeli yake, breki za nyuma hazishiki. Nikamweleza. Akanikumbusha Suratul Baqara, aya ya 233: mama hunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na wazazi wakitaka kumwachisha kwa kuridhiana na kushauriana, hapana ubaya juu yao. "Umesikia, mwanangu? Kushauriana. Hao ni watu wawili." Nilifunga nati ya breki huku nalizungusha lile neno kichwani. Mimi nilikuwa nimeshauriana na nani? Nilikuwa nangoja kuambiwa tu kwamba mtoto ameacha.

Mama mkwe wangu, mama yake mke wangu hasa, alikuja kutoka Pangani. Nikamwamkia, akaitika, na kabla hajanywa maji akafungua kitenge na kutoa jani la shubiri. "Paka hii baba, siku mbili tu amesahau. Hata huyu mkeo aliachishwa hivi." Namheshimu sana mama yule. Nilikaa chini mkekani, nikamwambia, "Mama, naomba utupe siku kumi. Tukishindwa, shubiri yako ipo." Sikuwa na elimu ya kumpinga. Ila nilikuwa nikiwaza: mtoto akianguka hukimbilia pale, akiogopa hukimbilia pale, akiumwa hukimbilia pale. Siku moja afike akute uchungu, bila kuambiwa kwa nini? Moyo wangu ulikataa. Mama akanitazama kitambo, akalitumbukiza jani kwenye ndoo ya maji lisinyauke. "Siku kumi," akasema.

Kabla mama hajaja tulikuwa tumeshaanza na mchana. Wiki mbili nzima, kila asubuhi baada ya uji, nilimchukua kijiweni. Asiyemwona mama yake hakumbuki ziwa, hilo nililigundua siku ya kwanza tu. Nilimtundikia rimu kuukuu kwenye tawi la chini, akawa anaizungusha na kuzitazama spoki zinavyopotea na kurudi. Kutwa hiyo ndiyo kazi yake. Wateja wakamzoea, wengine wakaja na chungwa la kumkamulia.

Na hapo kijiweni ndipo nilipoipata hofu kubwa ya maisha yangu. Nilikuwa nimeinamia tairi, naziba pancha, nikasikia kikohozi kimoja kisha kimya. Kugeuka, mdomo wazi, macho yamemtoka, sauti haitoki. Nati ya ekseli. Nilimlaza kifudifudi pajani, kichwa chini, nikampiga kati ya mabega kwa kiganja. La kwanza, la pili, la tatu, na nati ikaanguka mchangani. Kilio chake kilipotoka, mimi nikakaa chini na mikono ikawa inatetemeka mpaka alasiri. Baadaye nilimwuliza yule muuguzi kama nilifanya sawa. Akasema: mtoto akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kutoa sauti, kichwa chini, mapigo matano kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Isipotoka, na mtoto amepita mwaka mmoja, mshike kwa nyuma na msukume tumbo kwa ndani na juu, hapo juu ya kitovu, mara tano, kisha rudia mgongo, huku mtu anatafuta usafiri. Na usimtie kidole kooni kupapasa kitu usichokiona, utakisukuma ndani. Tangu siku hiyo nati, gololi na vipuri vyote vidogo viko kwenye chupa zenye vifuniko, zinaning'inia juu nisikofika bila kunyoosha mkono.

Chakula tukakiongeza. Milo minne, na kitu kidogo katikati. Uji wa ulezi tukautia karanga zilizosagwa laini kabisa, jioni wali wa nazi na changu aliyechambuliwa miiba, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kwa kikombe. Siku nyingine alikula vijiko vitatu akafunga mdomo, sikumlazimisha. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kumpa mtoto kijiko chake mwenyewe ashike wakati mimi namlisha kwa kingine, na kweli kijiko chake kikimpotezea muda, changu kinaingia.

Mchana ukawa umekwisha. Ukabaki usiku, na usiku ndio wenyewe.

Tuna chumba na sebule. Mke wangu alilala chumbani na mama yake, mimi nikatandika godoro sebuleni, nikafunga chandarua, nikaweka kikombe cha maji chenye mfuniko pembeni. Kabla ya kulala mke wangu alimpakata, akamwambia wazi, "Usiku huu nyonyo imelala. Utalala na baba. Asubuhi utaniona." Sijui alielewa kiasi gani. Nadhani alielewa zaidi ya tunavyowadhania.

Saa 8 usiku akaamka. "Nyonyo." Nikamwambia nyonyo imelala. Akanitazama gizani kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akalia, na sikuwahi kumsikia akilia namna ile, akinisukuma kifua kwa viganja viwili. Nilimbeba, nikatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Sijui nyimbo za kubembeleza, kwa hiyo nilimtajia sehemu za baiskeli, polepole, moja moja: rimu, spoki, cheni, pedeli, keria, kengele. Kwenye kengele nilimgusa pua. Alilala saa 9 na nusu, na kwikwi bado zinamkatisha pumzi. Usiku wa pili hivyo hivyo.

Usiku wa tatu nilivunjika. Alilia saa nzima, akaanza kuita "Mama, mama," na nyuma ya mlango nikasikia mke wangu naye analia. Nilifungua mlango nikampa. Alinyonya dakika mbili akalala. Sisi wawili tukabaki kitandani tunatazamana, tukijua tumemwambia kwamba ukilia vya kutosha mlango unafunguka. Simlaumu mtu, hata nafsi yangu silaumu. Lakini usiku wa nne ulikuwa mrefu kuliko ile mitatu yote, na hilo ningemwambia baba mwenzangu yeyote: kama mnaona bado hamjawa tayari, ahirisheni mwezi mzima, kuliko kufunga na kufungua. Usiku ule nilimshika tu. Sikumwambia nyamaza. Nilimwambia, "Najua mama, najua. Baba yupo." Nadhani nilisema mara mia mbili.

Alfajiri ile nilisali, nikamweka kwenye kiti kidogo nilichokichomelea kwenye bomba la mbele la baiskeli, tukavuka reli tukaelekea baharini. Kusi ilikuwa inavuma, baridi kidogo, nikamfunika kanga ya mama yake. Tulisimama tukikitazama kisiwa cha Toten, na ngalawa mbili zinarudi. Akanyoosha kidole. Kisha akaegemeza kichwa chake kwenye mkono wangu wa kushoto ulioshika usukani akasinzia. Nilirudi nyumbani nikiikokota baiskeli kwa mkono mmoja, yeye begani, mpaka Ngamiani.

Ya mke wangu nayo lazima niyaseme, maana wanaume tukihesabu kilio cha mtoto huwa tunaishia hapo. Siku mbili baada ya ule usiku wa nne matiti yake yalijaa yakawa magumu kama dafu. Alikuwa anakamua kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kwa sababu akikamua yote mwili unadhani mtoto bado ananyonya na unatengeneza mengine. Mimi kazi yangu ikawa vitambaa vya maji baridi, naloweka, nakamua, namletea. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba sehemu ikiwa nyekundu na moto, na homa ikapanda, tusikae nyumbani. Alhamdulillahi haikufika huko. Ila moyo wake uliuma, na hilo halina kitambaa. Aliniambia, "Naona kama nimemfukuza." Sikuwa na jibu. Nilikaa naye.

Usiku wa sita aliamka mara moja, akalia dakika kumi, akanywa maji. Usiku wa nane aliamka akasema mwenyewe, "Nyonyo lala," kwa sauti ya kuuliza. Nikamwambia, "Ndiyo mama, imelala." Akasema, "Kengele." Nikamgusa pua. Akageuka upande wake.

Siku ya kumi mama mkwe alilitoa lile jani kwenye ndoo akalipanda uani karibu na bomba. Hakusema kitu. Jioni yake nilimsikia akimweleza jirani, "Baba yake ndiye aliyemwachisha," na sauti yake haikuwa ya malalamiko.

Uzito ulishuka gramu 200 mwezi ule, muuguzi akasema tusihofu, tuongeze mlo. Mwezi uliofuata ukarudi na kupita.

Rafiki yangu mmoja aliyeajiriwa ofisini aliposikia alisema angefanya hivyo hivyo angekuwa na muda, kwani sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa baba siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa, na siku hizo huishia kwenye kukimbilia dawa na kupokea wageni. Ni kweli. Lakini kuachisha ziwa hakuhitaji likizo ya mchana. Kunahitaji usiku, na usiku baba karibu wote tuko nyumbani. Wiki mbili za kulala kidogo, na kijiweni nilikosea kazi mbili nikazirudia bure. Niko radhi.

Sasa mdogo wake ameshazaliwa, ni wa kiume, analala na mama yake chumbani. Tulihofia binti ataona nyonyo imeamka kwa mwingine. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya kitanda, akamtazama mdogo wake ananyonya, akaangalia sana. Kisha akanishika kidole akanivuta sebuleni, kwenye godoro letu, ingawa ilikuwa saa 5 asubuhi. Nikalala. Akaanza yeye kunitajia: rimu, spoki, cheni. Pedeli aliiruka. Alipofika kengele akanigusa pua.