Picha za mwanzo wa kiangazi, kati ya ndoo na zizi

Kila nikirusha picha lazima mtu aulize "hizi umeenda kupiga wapi", na jibu langu huwa linawaboa watu maana sijaenda popote, nilikuwa napeleka maji zizini tu. Kamera inaning'inia shingoni, nimeizungushia kitambaa isile vumbi, ndoo iko mkononi, nikiona kitu naweka ndoo chini napiga afu naendelea na safari yangu. Ndo mfumo wenyewe huo, siri nyingine hakuna.

Na msimu wa kufanya hivi ndo huu sasa, kiangazi kinaanza anza, mvua zimekata lakini ardhi bado ina unyevu, nyasi zimefika kiunoni, madimbwi yanakauka kuanzia pembeni kwenda katikati, wadudu ndo usiseme. Kiangazi kikishakolea kila kitu kinageuka rangi ya udongo, hewani kuna vumbi, ukipiga picha ya mbali inatoka imefifia hata uhangaike nayo vipi. Kwa hiyo hizi wiki chache mi silali sana.

Nina msimamo wangu hapa na najua kuna watakaobisha: mtu mwenye kazi zake shambani anapata picha nzuri kuliko mtu aliyekuja na begi la lensi kutafuta picha. Sio kwamba ana jicho kali, hapana, ni kwamba viumbe vimemzoea. Ukipita njia ileile, saa ileile, na ndoo ileile, huku huna habari nao, ndege anakuangalia mara moja anaendelea na mambo yake. Ila njoo unanyata, umeinama, umemkazia macho, hata kuku anajua huyu ana jambo. Kuna ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walikuwa kati ya watu wa mwanzo kabisa kupiga picha za ndege porini, miaka ya 1890 huko, na hili walilijua vizuri mno kiasi kwamba walitengeneza ng'ombe wa bandia, ngozi ya ng'ombe kweli ila ndani wazi, mpiga picha anaingia humo na kamera yake anasubiri. Ndege wanaona ng'ombe, na ng'ombe hana shida na mtu. Sasa mi ng'ombe ninao wa kweli, nikisimama katikati yao ndege wanatua karibu kabisa kuokota wadudu wanaorushwa na kwato, na sihitaji kuingia ndani ya ngozi ya mtu yeyote.

Asubuhi ndo kuna mambo. Kabla jua halijatoka umande umejaa kila jani na tando za buibui zote zinaonekana, hata zile ambazo mchana ungepita ukazikata na uso bila kujua. Buibui wengi wa zile tando za mviringo wanakula utando wao wa zamani na kusuka mwingine mpya karibu kila siku, kwa hiyo ukikuta mzuri piga hapohapo, usiseme nitarudi kesho, kesho utakuwa mwingine au haupo kabisa. Cha kufanya ni kukaa upande ambao jua linakuja likielekea kwako, nyuma ya utando kuwe na kitu cheusi cheusi, kichaka chenye kivuli au ukuta wa banda, hapo matone yanawaka. Afu kamera iwe sambamba na utando wenyewe, ukikaa mshazari nusu itakuwa kali na nusu ukungu. Mi huwa naweka tundu la lensi kwenye f/8, upepo ukivuma nangoja utulie, ukigoma kutulia naondoka zangu.

Na ukiweza kusogea karibu sana angalia ndani ya tone lenyewe. Kila tone ni lensi, linabeba picha ya kilicho nyuma yake ikiwa imepinduliwa, nyasi juu mbingu chini. Simu nyingi za sasa zenye uwezo wa kupiga vitu vya karibu zinalipata hilo, ila unapolenga gusa kioo pale kwenye tone, ukiiachia simu yenyewe itakamata jani la nyuma.

Sasa nije kwa kereng'ende maana hapa ndo naweza kukaa mpaka ng'ombe waanze kulia njaa. Wengi tunamjua yule mkubwa mwenye mabawa anayezunguka bwawa, lakini maisha yake mengi yuko chini ya maji, mdudu wa rangi ya tope, hana mabawa, anawinda viluwiluwi na wadudu wenzake kwa mdomo wa chini anaourusha mbele ghafla ukakamata. Wengine wanakaa humo miezi, wengine miaka kabisa. Siku yake ikifika anapanda bua la nyasi usiku au alfajiri, anajishika kwa kucha, anatulia. Ukimuona hivyo, tupa ndoo.

Kwanza mgongo unapasuka pale nyuma ya kichwa, taratibu, na kitu cha kijani kibichi kilichopauka kinaanza kusukuma nje, kichwa, kifua, miguu, mpaka ananing'inia kichwa chini mgongo nyuma, mkia bado umebaki ndani ya gamba. Hapo anakaa kimya muda mrefu na ukiwa mgeni utadhani kafa. Hajafa, anangoja miguu ikauke ipate nguvu. Ghafla anajikunja kwenda juu, anashika gamba lake mwenyewe kwa miguu, anavuta mkia unatoka. Mabawa saa hiyo ni vijikunjo tu vya mvua mvua, huwezi amini vitaruka. Anasukuma majimaji ya mwilini yaingie kwenye mishipa ya mabawa na mabawa yanakunjuka mbele ya macho yako, meupe kama maziwa mwanzoni, baadaye yanaanza kuwa kioo. Muda wote huu ameyafumba pamoja juu ya mgongo, akiyatandaza pembeni ujue anakaribia kuondoka.

Kuanzia mgongo kupasuka mpaka aruke inaweza kuchukua saa moja au zaidi sana, inategemea na aina na baridi, na muda wote hana pa kukimbilia, ndege wanawala sana wakiwa hivi. Kwa hiyo msimguse na wala msivunje nyasi za mbele yake ili mpate nafasi, mimi huwa nahama mwenyewe. Flashi situmii, mwanga wa asubuhi unapenya kwenye mabawa mapya vizuri kuliko taa yoyote. Akishaenda gamba linabaki pale kwenye bua, na kwenye ule mpasuko kuna nyuzi nyeupe nyembamba zinaning'inia, hizo ni ngozi za ndani za mirija yake ya kupumulia, kazivua pamoja na nguo. Hilo gamba lipigeni picha pia, halikimbii, linafaa sana kwa mtu anayejifunza kupiga vitu vidogo.

Madimbwi nayo yana wateja wao. Mbayuwayu wanajenga kwa tope, wanabeba kidonge kimoja kimoja mdomoni, na nyumba moja inaweza kula vidonge hata 1,000, sasa fikiria hizo safari. Dimbwi linapokauka sehemu zenye tope zuri zinapungua kwa hiyo wote wanajazana hapohapo, wanatua wameinua mabawa juu wasiyachafue, sekunde kidogo washaondoka. Kumpiga akiwa hewani ni kazi ya presha, shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho, iwe 1/2000 ya sekunde au kasi zaidi na bado utafuta nyingi, ila pale kwenye tope anasimama, unamlenga umekaa chini kabisa, tumbo chini ikibidi, kimo cha macho yake. Nguo zitafuliwa.

Mchana kwa kweli sina mengi ya kusema, jua likiwa utosini kila kitu kina kivuli kibaya, watu wanakuwa na mashimo meusi mahali pa macho. Naenda chini ya miti napiga majani kutokea chini yakiwa yamepigwa na jua kwa juu, mishipa yote inaonekana, au naingia bandani ambako mwanga unaingia kwa mlangoni tu. Kitu kimoja kinachowasumbua wengi ni rangi nyeupe na nyeusi, unapiga kuku mweupe anatoka wa kijivu, unapiga ng'ombe mweusi naye anatoka wa kijivu, unadhani kamera mbovu. Sio mbovu, imetengenezwa iamini kwamba kila ilichokiona kwa wastani kina mwanga wa katikati, haijui kuku ni nini. Kwa kuku mweupe ongeza mwanga kwenye ile sehemu ya +/- ya kamera, +1 inatosha kuanzia, kwa ng'ombe mweusi punguza. Kwenye simu ni ule mstari wa jua unaotokea ukigusa kioo, unauvuta juu au chini.

Kwa kuwa tumefika kwa ng'ombe, jamani pigeni pua. Watu wanapiga ng'ombe mzima amesimama pembeni kama yuko mnadani, kumbe pua yenyewe ndo ina kila kitu, ina unyevu, ina vijimfereji na vijivimbe ambavyo kila ng'ombe ana vyake, hafanani na mwenzake, kuna sehemu wanatumia alama za pua kuwatambua. Ndama hana woga, atakuja mwenyewe kunusa, unachotakiwa ni kuwa tayari na kukubali kwamba mwisho wa yote ulimi utafika kwenye lensi. Ulimi wa ng'ombe ni msasa. Wekeni kile kioo cha kinga mbele ya lensi, ndo kazi yake.

Jioni jua likishuka nahamia kwa kuku. Wanachimba vishimo kwenye udongo mkavu wanajirushia vumbi manyoyani, wanalala upande, wanapiga miguu, ukiwa upande wa pili jua liko nyuma yao lile vumbi lote linawaka dhahabu na kuku mwenyewe amezungukwa na mstari wa mwanga. 1/1000 inagandisha vumbi, ukitaka vumbi livutike kidogo shuka mpaka 1/125. Wenye simu, ile sehemu ya rangi ya mwanga (white balance) msiiache otomatiki jioni, simu inadhani ile rangi ya machungwa ni kasoro inaisafisha, iwekeni kwenye alama ya jua ibaki hapo. Rangi inakuja kwa sababu jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi, bluu inatawanyika njiani, nyekundu na njano ndo zinafika, na hiyo ndo unayoitaka.

Kuhusu kugandisha mwendo, hii hadithi naipenda kwa sababu nayo ni ya shambani na ni ya Juni. Mwaka 1878 huko California, kwenye shamba la farasi la tajiri Leland Stanford, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari, kila moja na uzi wake uliokatiza njia, farasi akipita anaukata na kamera inapiga. Ikaonekana kweli kuna wakati miguu yote minne haiko chini, ila inakuwa imekusanyika chini ya tumbo, sio imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wanachora miaka yote. Yaani binadamu kakaa na farasi maelfu ya miaka, anamwona kila siku, na hakujua. Tangu niisome hiyo naangalia mbuzi wanaoruka uzio kwa heshima tofauti.

Mambo mawili ya haraka. Kiota chenye makinda, usikate majani yanayoziba ili upate picha, yale majani ndo kivuli na ndo maficho, ukiyatoa umemwonyesha kila mwindaji wapi pa kula. Na watu wanaofanya kazi, waombe kwanza hata kama unawajua, mtu aliyeinama na jembe tangu asubuhi hana hamu ya kujikuta kwenye simu za watu bila kujua, na ukishapiga mpelekee yake.

Wiki ijayo nyasi za upande wa bwawani zinakatwa, na hapo kutakuwa na picha, maana zikilala panzi wote wanabaki hawana pa kujificha na ndege wanalijua hilo, wanakuja nyuma ya mkataji kabisa. Mi niko kwenye kundi la kukusanya kwa hiyo kamera nitaitundika kwenye nguzo ya uzio niichukue tukipumzika. Mwenye lensi ndefu anayetaka kuja karibu sana, ila reki ya ziada ipo na atapewa.