Barabara ya 395 hadi Manzanar

Ukitoka Los Angeles kwenda kaskazini unapita Palmdale na Mojave, kisha unaingia barabara ya 395 na miji inakwisha. Kinachobaki ni jangwa, nguzo za umeme na malori. Dada alikuwa anaendesha, mimi nimekaa mbele kwa heshima ya ugeni, mpwa wangu yuko nyuma na simu yake. Safari hii aliitaka yeye. Shuleni kwao walifundishwa habari za kambi ya Manzanar, walikofungiwa watu wa asili ya Kijapani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaona si vizuri mtu kuzaliwa Los Angeles, mwendo wa saa nne hivi kutoka kule, asipaone. Mimi niliyetoka Tanga nilikuwa nategemea kupelekwa ufukweni.

Karibu na Lone Pine milima ya Sierra Nevada inasimama ghafla upande wa kushoto. Mlima Whitney uko hapo, mita 4,421, na miguuni pake kuna vilima vya mawe ya rangi ya kahawia yaliyorundikana ovyo. Nikahisi napajua mahali pale. Mpwa akasoma kwenye simu: Alabama Hills, Hollywood imepiga picha za kauboi hapa kwa miongo mingi. Kumbe! Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tumeyatazama mawe yale mpaka usiku wa manane. Farasi, kofia pana, bastola kiunoni: kwetu huyo ndiye alikuwa Mmarekani, wengine wote waliokuwemo kwenye picha walikuwa wapita njia.

Jina lenyewe la vilima limetoka kwenye manowari CSS Alabama ya majimbo ya Kusini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wachimbaji madini wa hapa walioshabikia Kusini ndio waliolibandika. Kwa hiyo kauboi wetu alikuwa akipanda farasi kwenye vilima vilivyopewa jina la meli iliyopigana ili nchi yake ivunjike. Na kabla ya wachimbaji hao bonde lote lilikuwa la Wapaiute, wenyeji wa asili wa hapa, ambao mwaka 1863 wanajeshi waliwaswaga karibu elfu moja kwa miguu hadi ngome ya jeshi ya Fort Tejon. Wengi walirudi baadaye. Dada alisema, "Hapa kila mtu kamkuta mwenzake."

Manzanar iko kilomita chache mbele, kushoto, na kama hujui unapita tu. Kuna mnara wa walinzi uliojengwa upya. Zamani ilikuwa minane. Ukumbi mkubwa uliojengwa na wafungwa wenyewe mwaka 1944 ndio makumbusho sasa, na kuingia ni bure. Ndani limetundikwa pazia refu lenye majina zaidi ya 10,000. Mpwa alisimama mbele yake akisoma kimoyomoyo, akarudi juu, akaanza tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Desemba 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani kule Hawaii. Februari 19, 1942, Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, na kwa nguvu ya amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa pwani ya magharibi na kufungiwa makambini. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Hawakushtakiwa wala kuhukumiwa. Hawaii, ambako bomu lenyewe lilianguka, watu wa asili hiyo walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi, na huko wengi waliachwa waendelee na kazi, maana bila wao visiwa vingesimama. Hofu nayo ina hesabu zake.

Tuliingia kwenye mabweni ya mbao yaliyojengwa upya. Chumba cha mita sita kwa saba na nusu kiliwekwa watu wanane, hata kama ni familia mbili zisizojuana. Taa moja, jiko moja la mafuta, magodoro ya kujaza majani makavu. Vyoo havikuwa na vizuizi kati ya kimoja na kingine. Dada, ambaye ni muuguzi na si mtu wa kushtuka, alitoka pale amekunja uso. Upepo ulikuwa unapuliza mchanga kwenye meno yetu, na ilikuwa siku nzuri, alisema mhifadhi.

Wazee wa watu hawa walikuwa wamefika California miongo kadhaa kabla ya vita. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marekani iliwapa jembe, tena walilitumia vizuri, lakini ikawanyima shamba: sheria ya California ya mwaka 1913 ilimkataza kumiliki ardhi ya kilimo kila mgeni asiyestahili uraia, na Mjapani hakustahili. Takao Ozawa, aliyekuwa ameishi Marekani miaka ishirini na nyumbani kwake akiongea Kiingereza na watoto wake, aliipeleka hoja hiyo hadi Mahakama Kuu. Mwaka 1922 wakamjibu kwamba uraia wa kuomba ni wa watu weupe na wa watu wa asili ya Afrika, na yeye hayumo. Mlango huo haukufunguliwa mpaka 1952.

Sasa chukua mzee wa namna hiyo, mweke ndani ya seng'enge, halafu mwaka 1943 mletee fomu. Swali la 28 linamtaka aape utii kwa Marekani na aukane utii wowote kwa mfalme wa Japani. Akisema ndiyo, anakana nchi pekee inayomtambua, na hii inayomuuliza imeshamkatalia uraia. Swali la 27 linawauliza vijana kama wako tayari kupigana popote watakapotumwa. Waliojibu hapana mara mbili walihamishiwa kambi ya Tule Lake, wakahesabiwa si waaminifu.

Dada aliisoma fomu ile ukutani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya maswali nimeyajibu mimi." Ni kweli. Kiapo cha uraia cha Marekani kinamtaka mtu akane utii kwa dola nyingine zote, na kinamtaka abebe silaha sheria ikidai. "Ila mimi nilipomaliza kuapa nilipewa cheti, tukaenda kula."

Sadao Munemori alizaliwa Los Angeles kama mpwa wangu. Mama yake alikuwa amefungwa hapa Manzanar wakati yeye yuko Italia na jeshi la Marekani. Aprili 5, 1945, alililalia bomu la mkono ili wenzake wapone. Nishani ya juu kabisa ya nchi alikabidhiwa mama yake mwaka uliofuata. Mtu akiniambia hapo ndipo Umarekani wa Munemori ulipothibitika nitamkatalia. Kauboi wa kwenye picha hakuombwa ushahidi wowote. Nadhani hiyo ndiyo tofauti yote: yupo Mmarekani asiyeulizwa, na yupo anayeulizwa hata akiwa amekwisha kujibu.

Lakini aliyenishinda ni Ralph Lazo. Kijana wa miaka 17, ukoo wake wa Mexico na Ireland, mwanafunzi wa Los Angeles. Wenzake wa Kijapani walipochukuliwa mwaka 1942 alipanda treni pamoja nao, hakuna aliyemlazimisha, akaishi Manzanar mpaka alipoitwa jeshini mwaka 1944. Shule ya kambini ilimchagua rais wa darasa.

"Huyu alikuwa na wazimu," alisema dada.

"Mama, huyu ndiye pekee aliyefanya kama walivyotufundisha."

Wakabishana mpaka makaburini, ambako mnara mweupe wa mwaka 1943 unatazama Sierra Nevada na watu wameutundikia shada za ndege wa karatasi. Mpwa alitaka kujua kwa nini serikali iliomba radhi mwaka 1988 tu, ikawapa dola 20,000 wale waliokuwa hai peke yao. Hatukuwa na jibu la kumridhisha.

Jioni tulisimama Mojave kujaza mafuta na kula. Dada alifungua simu. Desemba anataka kwenda kumwona mama Tanga, na Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo anaomba viza kama Mmarekani mwingine yeyote.

"Mdogo wangu, hapa kwenye sababu ya safari, niweke utalii?"

"Weka kutembelea jamaa."

"Watanidai barua ya mwaliko?"

"Nitakuandikia mimi."

"Mjomba," akasema mpwa, "na mimi uniandikie. Jina langu lote, usikate."

Dada akalipa dola 100 zake na dola 100 za mwanawe, akalalamika kidogo kuhusu bei, tukaagiza chipsi.