Swali la mantijaki mwenye mimba

Jana usiku sikulala vizuri. Tulikuwa darasani watu tisa, tunafanya mtihani wa majaribio wa cheti cha uwindaji wa kulungu. Mwenzangu mmoja, mkulima, mtu mzima kabisa, alipoona nimekosa kwa mara ya tatu swali lilelile la mantijaki, kulungu mdogo wa huku Uingereza, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Si ajabu, huko kwenu mnapiga chochote kinachotembea." Wawili walicheka. Wengine wakainamia karatasi zao. Mimi nilinyamaza. Nimeamka saa kumi alfajiri, nimechemsha chai, na maneno yote niliyoyameza jana bado yamenikaa kooni. Nayaweka hapa.

Najua mtauliza mtoto wa Sikonge, Tabora, anatafuta nini kwenye uwindaji wa Uingereza. Naishi Thetford, mashariki ya nchi, na kazi yangu ni kupanda miti. Msitu wa hapa ulianza kupandwa mwaka 1922 na sehemu kubwa ni misonobari. Kwingine tunakopelekwa tunapanda miti ya majani mapana, na kila mche tunauvika bomba la plastiki pamoja na kigingi cha kuusimamishia, maana usipouvika, asubuhi unakuta kulungu wameukata kama umepitiwa na mbuzi wa jirani. Nchi hii haina mbwamwitu wala dubu tena, waliwamaliza karne nyingi zilizopita. Hakuna chui wa kumngoja mnyama njiani. Anayebaki kuwapunguza kulungu ni mtu mwenye bunduki, na bosi wangu anataka mmoja wetu awe na cheti. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Nasema kulungu kwa sababu sina neno jingine. Kamusi zinakupa kulungu, Zaburi inakupa ayala, lakini wanyama hawa hawapo kwetu. Afrika nzima yupo mmoja tu wa asili, huko juu Algeria na Tunisia. Pongo wetu, kuro wetu, palahala wetu, pembe akiota ni zake mpaka afe. Hawa wa huku madume huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, na zikiwa zinaota zimevikwa ngozi laini kama mahameli, ina damu ndani, mpaka zikomae ndipo wanaikwangua kwenye miti. Nilipoona picha kwa mara ya kwanza nilidhani mnyama ana jeraha.

Aina ni sita na lazima uzitambue kwa kuangalia picha, dume na jike, majira yote. Wa asili ni wawili: kulungu mwekundu, aliye mkubwa kuliko wote, na roo, mwembamba, usoni kama anashangaa kitu. Falo waliletwa na Wanormani, wale walioiteka England zamani kutoka Ufaransa, sika walitoka Japani, na wawili wa mwisho walitoka China. Mmoja wao ni kulungu wa maji, ambaye haoti pembe kabisa, dume lake lina chonge ndefu zinazoning'inia nje ya mdomo. Mwingine ni mantijaki, mdogo, mgongo umepinda, ana pembe fupi na chonge pia. Alifugwa kwenye bustani ya wanyama ya Woburn mwanzoni mwa karne ya 20, wakatoka, leo amejaa nusu ya nchi. Huyu mantijaki ndiye aliyeniharibia usiku wangu.

Karibu kila mnyama hapa ana msimu wake. Roo dume anawindwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba, jike kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, ili wakati wa kunyonyesha jike aachwe. Hiyo ni England. Scotland wana sheria zao, na tangu Oktoba 2023 wameondoa kabisa msimu wa kupumzisha madume. Lakini mantijaki hana msimu, kwa sababu anazaa mwezi wowote. Akizaa leo, ndani ya siku chache amepandwa tena. Sasa swali linauliza: umeona majike wawili wa mantijaki, mmoja mimba yake ni kubwa na inaonekana wazi, mwingine haonyeshi mimba. Yupi apigwe?

Mara tatu nimejibu yule asiye na mimba. Mara tatu nimekosa.

Baba mdogo wangu alikuwa mwindaji. Mimi nilimfuata porini tangu nikiwa na miaka tisa, nimebeba kibuyu cha maji na kisu. Mkono wake hauwezi kumgusa jike mwenye mimba. Siku moja tulikaa upepo mzuri, pongo jike amesimama hatua thelathini, nyumbani hatuna kitoweo siku ya nne, akateremsha gobole na kunionyesha tumbo la yule mnyama kwa kidevu. Tulirudi na uyoga. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwetu tunapiga chochote kinachotembea, anamtukana mtu huyo. Na mtu huyo alifungwa kwa sababu ya nyama. Alikutwa na mguu wa pongo ndani ya kikapu, akaitwa jangili mbele ya wanawe. Kibali kwa mwananchi kipo kwenye sheria zetu, si kama ndugu zetu wa Kenya waliofunga uwindaji tangu 1977, lakini mwambie mtu wa kijijini asiye na nauli ya kufika wilayani akakitafute kibali hicho. Aliyekuwa na pesa alipita na gari na msafara, akapiga nyati, akaenda zake na pembe. Huku leo mimi nasomea kwa vitabu vyenye picha za rangi jambo lilelile lililompeleka baba mdogo jela. Inaniuma, na sitaki kuificha.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu kusoma kumenifungua macho. Gobole la baba mdogo lilipakiwa vipande vya nondo. Nakumbuka pongo mmoja aliyepigwa jioni, tukafuata damu siku mbili, tukampata kwa sababu ya mainzi. Sheria ya kulungu ya England ya mwaka 1991 inataka bunduki yenye kipenyo kisichopungua inchi 0.240 na risasi inayotoka mtutuni na nguvu isiyopungua futi-pauni 1,700. Kwa mantijaki na kulungu wa maji imeruhusu ndogo kidogo. Mwanzoni niliziona ni namba za kukariri tu. Baadaye nikawaza yule pongo wa siku mbili, nikaelewa kwamba aliyeziandika alikuwa anamwaza yeye. Na usiku huruhusiwi kupiga: saa moja baada ya jua kuzama, weka bunduki chini mpaka ibaki saa moja lichomoze. Baba mdogo alikuwa anamulika kwa tochi. Hapo alikosa, nasema kwa heshima zote.

Siku ya mtihani yenyewe kuna maswali 50 ya kuchagua jibu, kuna zile picha, kuna jaribio la usalama ambapo unaeleza kwa mdomo ungefanya nini, halafu shabaha. Kwenye usalama wengi huanguka kwa sababu wanadhani lazima wapige. Mnyama amesimama ukingoni mwa kilima, nyuma yake mbingu tupu: hupigi, kwa sababu risasi ikipita inaweza kwenda maili kadhaa na hujui kuna nani ng'ambo. Unataka udongo nyuma yake. Mnyama yuko mbele ya mwenzake: hupigi. Kuna njia ya watembea kwa miguu na hujaiona mpaka mwisho: hupigi.

Shabaha ndiyo niliyoiogopa zaidi. Unalala chini, mita 100, risasi tatu ziingie kwenye duara la sentimita 10, yaani ukubwa wa kisosi. Ukifaulu hapo unapewa picha ya kulungu: mbili ukiwa umelala mita 100, mbili umeketi au umepiga goti mita 70, mbili umesimama na fimbo za kuegemeza mita 40. Zote sita ziingie eneo la moyo na mapafu. Mimi risasi zangu zilikuwa zinashuka chini kila mara. Mkufunzi wetu, mama wa miaka kama sitini ambaye ameanza kuwinda kabla sijazaliwa, hakunigombeza. Alichomeka risasi bandia bila kuniambia. Nilipofyatua hakikulia kitu, lakini mtutu uliinama wenyewe, nikaona kwa macho yangu kwamba nilikuwa naogopa kishindo kabla hakijatokea. Alirudia hivyo jioni nzima, moja hai, moja bandia, mpaka mkono ukatulia. Hakunitoza hata senti kwa muda huo wa ziada.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya nyama. Nimechinja mbuzi wengi maishani, Krismasi na misiba, wala sikuwahi kutafuta tezi. Sasa kabla mzoga haujaenda kwa mnunuzi lazima mtu mwenye mafunzo aukague: tezi za kichwani, za kwenye mapafu, za ini, za kwenye utumbo. Zikivimba au zikiwa na usaha, simama, huenda ni kifua kikuu cha ng'ombe, na hilo unaripoti. Kimeta vivyo hivyo, na ugonjwa wa miguu na midomo. Ukitazama mnyama akiwa hai pia ni ukaguzi: anatembeaje, amekonda, ametengwa na wenzake? Kisha unaandika tamko lako, tarehe, saa na mahali alipopigwa, linafuatana na mzoga, na nyama ipoe hadi nyuzijoto 7 au chini yake. Nimemtumia mama ujumbe wa sauti kumweleza tezi za mbuzi zilipo. Amesema atamwambia mchinjaji.

Vijana wawili wameniandikia wakiuliza kama cheti hiki kinaleta viza. Hakileti. Msimpe mtu pesa kwa habari hiyo. Wala sheria haikulazimishi kuwa nacho, ila mwenye ardhi na mwenye kazi ndio wanaokiulizia. Bunduki yako mwenyewe ni safari nyingine kabisa, ya polisi. Ada ya cheti cha silaha ilipanda Februari 2025 kutoka pauni 88 hadi 198 kwa miaka mitano, na msinibadilishie kwa shilingi kwa sababu mke wangu ameshafanya hivyo. Wanataka watu wawili waliokufahamu si chini ya miaka miwili, wanataka taarifa za daktari, wanataka kabati la chuma lililofungwa ukutani, na wanakuja nyumbani kuangalia. Kama una kosa la zamani, hata la ujana, liandike. Na kama unahama chumba kila miezi sita, tulia kwanza upate majirani wanaokujua. Mimi kwa sasa natumia bunduki ya mafunzo. Porini ukirudi jivue ujikague kupe, nyuma ya magoti na kiunoni, kwa sababu wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme na mtu anaweza kuumwa miezi bila kujua ni nini.

Jana baada ya darasa yule mama alinifuata kwenye maegesho. Alisema yaliyosemwa darasani hakuyapenda na atazungumza na aliyeyasema. Kisha akasema: "Swali lile wanalikosa watu wenye huruma. Nenda kafikirie yule mwingine amemficha nani." Akaondoka.

Nilisimama kwenye baridi ile mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu nikampigia baba mdogo, kwao ikiwa usiku mkubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza mnyama mwenyewe, umbo lake, chonge zake, kwamba anazaa bila msimu. Nikamwambia wanataka apigwe mwenye mimba. Akanyamaza. Nilisikia anakaa kitandani.

"Mimba anaibeba miezi mingapi?"

"Saba."

"Na akizaa anapandwa lini?"

"Siku zilezile."

Akanyamaza tena, kisha akaanza kusema polepole, kama alivyokuwa akisoma nyayo. "Basi huyu mwenye tumbo kubwa, mtoto wake wa uzazi uliopita ana miezi sita, saba. Anakula mwenyewe huyo. Huyu asiye na tumbo ndiye mwenye kichanga majanini. Ukimpiga, kichanga kinabaki kulia pale mpaka kife."

Nikasema ndiyo.

"Ila usiniambie unalipiga lile tumbo kwa raha."

"Hapana baba."

"Haya. Angalia upepo."

Mtihani ni Jumamosi, saa tatu asubuhi.