Nairobi hadi New York: ninavyokokotoa kilomita na saa za angani

Ushauri unaoniudhi kuliko wote ni ule wa "chukua saa ya kufika, toa saa ya kuondoka". Tiketi huandika saa za mji husika. Ndege ikiondoka Nairobi 23:25 na kutua New York 06:25, hesabu hiyo inakupa saa 7, na hakuna ndege ya abiria inayofika huko kwa saa 7. Mimi hugeuza zote kuwa saa za Nairobi kwanza. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo 06:25 ya kule ni 14:25 ya hapa, yaani saa nane na dakika 25 mchana. Safari ni saa 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa 7, kwa sababu wao husogeza saa zao, sisi hatusogezi.

Umbali usiupime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ramani iliyochorwa kwa digrii zilizo sawa pande zote itakupa karibu kilomita 13,150, ziada ya zaidi ya 1,300. Ninachokiamini ni uzi na tufe la dunia. Kwenye tufe la kipenyo cha sentimita 30, mzunguko wa ikweta ni kama sentimita 94, hivyo kila sentimita ni kilomita 425 hivi. Shika uzi Nairobi, uvute ukaze hadi New York, usiulazimishe kufuata mistari. Utajipeleka wenyewe kaskazini-magharibi: Uganda, Chad, Algeria, Morocco, kisha Atlantiki. Pima: sentimita 28 pungufu kidogo. Kwa kikokotoo, pembe kati ya viwanja viwili vya ndege, ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, ni digrii 106.45; kila digrii ni maili za bahari 60, kwa hiyo zidisha kwa 60 upate maili 6,387, kisha kwa 1.852, yaani kilomita za maili moja ya bahari. Jibu ni kilomita 11,829. Uzi haukudanganya!

Sasa gawa kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa: saa 13 na dakika chache. Ongeza karibu saa nzima ya ndege kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kukengeuka njia. Kinachobaki ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini hupiga kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda unapambana nao na kurudi unakusukuma. Ndiyo maana kurudi huchukua takriban saa 14.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari hii huinuka kwa taabu. Baridi ya usiku huisaidia, kwa hiyo usishangae ukipewa tiketi ya usiku.

Ukipitia Dubai, jumlisha kilomita 3,550 za Nairobi hadi Dubai na 11,020 za Dubai hadi New York, zigeuze kuwa saa, halafu uongeze saa za kusubiri pale.