Kijiko kilichemsha, mafundi wakaililia hedi

Ukiwa na kijiko kidogo, ile mashine ya kuchimbia, hapa Arusha na injini yake ikaanza kuchemsha maji, andaa masikio kabla ya spana. Kila anayepita saiti atakuambia, "Bosi, hiyo ni gasketi ya hedi." (Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, gasketi ni kizibo kati yake na injini.) Bodaboda atakuambia. Aliyekuja kuuliza bei ya moramu naye atakuambia. Pale Unga Limited kuna fundi aliniandikia mpaka kikaratasi: kushusha hedi, kuipiga skimu (kuusawazisha uso wake), gasketi mpya, oili, kulanti, ufundi. Jumla ilikuwa inanusa milioni na nusu, na akaongeza kwamba hapo amenifikiria. Hedi ile haijaguswa mpaka leo na mashine inapiga kazi, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa kifua mbele kidogo.

Mashine yenyewe ni mtumba wa Japani, ina tani 3 na nusu, injini ya Kubota silinda 3. Kazi zake ni mashimo ya choo, mitaro ya bomba na misingi ya nyumba huku Muriet, Olasiti na Kwa Mrombo. Anayeijua Muriet wakati wa kiangazi analijua vumbi lake: laini, jepesi, linakufuata mpaka kwenye ugali. Asubuhi kijiko kilikuwa kinachimba vizuri. Kwenye saa saba mchana sindano ya joto inapanda, alamu inalia, opareta anazima, tunakaa chini ya mti huku mwenye nyumba anatupigia simu. Ukikiacha kinanguruma tu bila kuchimba, sindano inashuka yenyewe.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kuosha rejeta, kile kipoza maji ya injini. Kwa maneno ni ushauri mzuri. Jamaa mmoja mwenye mashine ya presha ya kuoshea magari akaja na jenereta yake, buti mpaka magotini, akafungua mlango wa pembeni, akasimama hatua mbili nyuma na kuishambulia rejeta kwa nje kana kwamba inamdai. Maji meusi yakatiririka, vijana wakashangilia. Alipomaliza, uso wa rejeta uling'aa, ungeweza kujitazama. Nikamlipa, nikampa na soda. Kesho yake kijiko kilichemsha kabla ya saa nne asubuhi! Haijawahi kutokea mapema hivyo. Mafundi wakapata nguvu: "Si tulikuambia? Rejeta safi na bado inachemsha. Hedi hiyo."

Aliyenifungua macho ni opareta, kijana wa Ngaramtoni asiye na maneno mengi. "Bosi, kikishapata moto, na mkono unakuwa mvivu. Hauinui kama asubuhi." Alikuwa ameshawaambia mafundi, hakuna aliyegeuza hata shingo. Lakini hebu fikiria. Gasketi ya hedi ikiungua, inaipashaje moto oili ya haidroliki, ile inayosukuma mkono? Haiwezi. Oili ya haidroliki ina rejeta yake ndogo, na kwenye mashine yangu imekaa mbele ya rejeta ya maji, imebanana nayo, zote mbili zinapozwa na feni ileile. Maji na oili vikipata moto kwa pamoja, tafuta vinachochangia, na vinachochangia ni upepo. Gari linakimbia, barabara inalipepea. Kijiko kimesimama kwenye shimo mchana kutwa, pumzi yake yote ni feni.

Hata hivyo nilitaka kuimaliza kesi ya hedi kwa ushahidi, maana mafundi hawakubali kushindwa kwa mdomo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, nikajaza maji mpaka shingoni, nikaacha mfuniko wazi, tukawasha. Gasketi ikiwa imekufa, moshi wa silinda unapenya kwenye njia ya maji, na shingoni utaona mapovu yasiyokoma hata kabla injini haijapata joto. Kwangu yalitoka mawili matatu ya hewa iliyonasa, basi. Nikafunga, nikashika mpira wa juu wa rejeta: laini. Ungekakamaa wakati maji bado ya baridi, ningeanza kutafuta hela ya hedi. Tena maji yalikuwa hayapungui, na oili ya injini haikuwa na weupe wa maziwa. (Mfuniko unafunguliwa injini ikiwa baridi tu. Arusha iko kwenye mita kama 1,400, maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 95, lakini mfuniko wa baa 0.9 ukishika presha yanavuka 110 bila kuchemka. Ukiufungua yakiwa hivyo, yanakulipukia usoni. Na ukiweka mfuniko wowote ulioukuta mezani kwa muuza spea, usiokamata presha, utachemsha hata kama kila kitu ni kizima.)

Halafu kuna wimbo wa themostati, kile kivalvu kinachoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata joto. "Itoe utupe, hii ni nchi ya joto." Nani amewafundisha? Injini nyingi kama hii zina kinjia cha pembeni kinachorudisha maji kwenye pampu wakati themostati imefunga. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka humo humo bila kupita kwenye rejeta, na asubuhi za Julai injini inafanya kazi ya baridi, dizeli haiungui vizuri. Yangu niliitoa kuipima tu: sufuria, jiko, uzi. Ilianza kufunguka kwenye 71 hivi, ilipofika 85 ikawa wazi kabisa, kama inavyotakiwa. Ikarudi ilipotoka. Mama watoto alitaka sufuria nyingine, nikanunua.

Sasa kifaa cha kupimia joto. Nilianza na kile kipimajoto cha paji la uso, masalia ya wakati wa korona, na kikaniandikia kwa herufi kubwa kwamba nimezidisha. Hivyo vinaishia nyuzi 40 na kitu. Nikanunua cha mafundi mjini, kama elfu hamsini hivi, chenye umbo la bastola. Mjanja mmoja atakuambia kinadanganya. Kinadanganya ukikielekeza kwenye aluminiamu inayong'aa. Kielekeze kwenye mpira mweusi, au bandika kipande cha tepu ya mafundi rangi kwenye chuma na upime juu yake. Tulichimba mpaka sindano ikapanda, nikapima mpira wa maji yanayoingia kwenye rejeta na wa yanayotoka: tofauti nyuzi 2 au 3 tu. Yaani maji yanazunguka, ila yanatoka na moto wao. Rejeta ingekuwa imeziba ndani, yanayotoka yangekuwa yamepoa sana kwa sababu yanapita kidogo kidogo.

Kilichowanyamazisha watu ni gazeti. Feni yangu inavuta hewa kutoka nje kuingia ndani (zipo zinazosukuma nje, angalia yako kwanza). Nikachukua ukurasa wa gazeti la jana, nikauweka kwenye wavu wa rejeta injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Ulipaswa kunata. Ukateleza, ukaanguka miguuni kwa fundi wa kikaratasi. Mkanda wa feni nilikuwa nimeshaubonyeza kwa gumba, unabonyea kama milimita 10, hauna tatizo.

Tukafungua boliti za rejeta ya oili, tukailaza mbele bila kukata mipira yake. Katikati ya rejeta mbili kulikuwa na blanketi zima: vumbi, mbegu za nyasi, manyoya ya kuku, vyote vimegandishwa na oili iliyokuwa inavuja taratibu kwenye nati moja ya haidroliki. Na yule bwana wa presha alikuwa amelilowesha na kulishindilia, jua likalikausha. Ukiliondoa kwa vidole, linatoka vipande vipande vyenye alama za mapezi (vibati vyembamba) ya rejeta.

Usafi tulifanya kwa kinyume: kompresa ya fundi tairi kutoka upande wa feni kwenda nje, upepo wa wastani, halafu mafuta ya taa kwa brashi laini pale penye oili, sabuni ya unga, maji ya mpira wa kawaida. Mapezi yaliyolazwa na presha, dogo mmoja aliyanyoosha kwa kisu butu cha mezani siku nzima, akinuna. Nati ya haidroliki tukaiwekea oring'i mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja.

Bado kulikuwa na kitu. Pembeni mwa rejeta palitakiwa sponji za kuziba, zilishaoza zamani, hivyo hewa ya moto ya injini ilikuwa inazunguka na kurudi kuvutwa tena. Sponji ya godoro inanyonya oili na kubomoka, nilishaiona kwenye mashine ya mtu. Nikaenda kwa wanaouza vifaa vya mlimani, nikachukua mkeka wa sponji ngumu wa kulalia, ule wanaobeba wapagazi, umechakaa kona moja, kwa bei ya kuokota. Kisu na gundi ya viatu. Umekaa vizuri, hauloweki, na umebaki wa kutosha mashine nyingine.

Tulirudi Muriet saa ya jua kali. Gazeti lilinata. Tofauti ya mipira ikafika nyuzi 8, wakati mwingine 9, sindano katikati, mkono unainua udongo jioni kama asubuhi. Gharama zote pamoja na kipimajoto na sufuria hazikufika laki mbili na nusu, nadhani.

Siku hizi opareta anapuliza kila asubuhi kwa kompresa ndogo, na mlangoni nimefunga wavu wa dirisha wa mbu kuzuia nyasi. Wavu nao unaziba, lazima uukung'ute mchana, na hapo ndipo tunapogombana naye. Fundi wa kikaratasi nilipita kwake juzi kununua filta. Kijiko cha mtu mwingine kilikuwa uani kwake, hedi iko mezani, na rejeta imejaa vumbi.