Siku Praia ilipohamia Temeke

Tarehe 24 Machi 2019 ilikuwa Jumapili, siku ya Tanzania kucheza na Uganda. Daladala ilitushusha Uhasibu, tukaungana na msururu wa jezi za bluu kuelekea Uwanja wa Taifa, ambao wakati huo ulikuwa haujapewa jina la Benjamin Mkapa. Tuliozoea kukaa mzunguko tunajua adha yake: kati ya viti na nyasi kuna njia ya wanariadha, na mchezaji aliye upande wa pili unamtambua kwa mwendo, si kwa sura.  Taifa, wenye viti 60,000, mimi huwa naufuata kelele zake.

Hesabu za kwenda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, zilitubana. Sisi na Lesotho tulikuwa na pointi 5 kila mmoja, ila wao walitangulia kwa matokeo ya tulipokutana: sare hapa kwetu, kisha wakatufunga 1-0 kwao. Kuifunga Uganda, timu ambayo haikuwa imeruhusu bao hata moja katika kundi, peke yake hakukutosha. Lesotho nao ilibidi wasishinde kule Praia, kwa Cape Verde, saa ile ile.

Dakika ya 21 Simon Msuva akafunga. Nilijikuta nimekumbatiana na jamaa mwenye kofia ya klabu ya watani wetu, mtu ambaye siku ya dabi asingethubutu hata kukanyaga upande ule. Kipindi cha pili Erasto Nyoni akaweka penalti, na muda si muda Aggrey Morris akapachika la 3.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kichekesho. Timu inaongoza 3-0, na jukwaa letu hakuna anayetazama mpira! Simu zilikuwa hazishiki mtandao. Umati wote ule ukiwasha data kwa pamoja, mnara gani utahimili? Tegemeo letu likawa mzee wa kiti cha mbele, aliyebana redio ndogo sikioni. Mara shangwe inaanzia upande wa pili na kuzunguka uwanja mzima: Cape Verde wamepata! Mzee anapunga mkono.

"Bado sifuri sifuri. Acheni uzushi."

Mara inakuja ya Lesotho kupata, watu wanashika vichwa. Uongo tena. Praia iliisha 0-0, nasi tukafuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Kwenye msongamano wa getini nikamkuta mzee yule.

"Mzee wangu, leo umefurahi?"

"Nimefurahi, mwanangu. Lakini nyie hamkuliona bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, 1979, lililotupeleka AFCON ya 1980."

Wewe uliliona, mzee?

"Nililisikia," akasema, akaigonga redio yake, na hadi tunafika barabarani alikuwa bado anatueleza mpira ulivyoingia.