Nililala Chini ya Pikapu Tatu Kabla ya Kununua Moja

Nilitaka pikapu ya zamani ya kupitia njia mbovu: mawe, tope, vijito, vilima vya kuteleza. Gari jipya sikulitaka, na si kwa sababu ya hela peke yake. Gari ambalo kila mkwaruzo wake unakuuma moyo hutalipeleka kule ulikokusudia wakati unalinunua.

Kosa nililifanya kabla hata sijaenda kuona gari lolote. Wiki nzima nilisoma habari za injini: ipi ina nguvu, ipi hainywi mafuta, ipi haifi. Fundi mmoja mzee ninayemwamini akanicheka. "Dogo, injini tunaitoa na kuweka nyingine, kazi ya siku mbili. Chesisi, mifupa yenyewe ya gari, ikioza umenunua nini?" Akaniazima nyundo ndogo, tochi na gunia la kulalia.

Pikapu ya kwanza ilikuwa inang'aa. Rangi mpya, tairi mpya, na huko chini chesisi imepakwa kitu cheusi kizito kama lami. Wanasema kizuri chajiuza, lakini hiki kilikuwa kimepakwa poda. Nikatandika gunia, nikaanza kugonga kutoka mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia, na mlio wake unasafiri. Nilipofika juu ya tairi la nyuma, pale kamani, ile springi ya mabamba ya chuma, inaposhikiliwa, mlio ukafa. Nikagonga tena. Kipande cha rangi kikanidondokea kifuani, na chini yake palikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi. Puti, kwenye chesisi! Ile sehemu ina uwazi ndani. Tope linaingia kwenye matundu, linakaa na unyevu wake miaka na miaka, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo ukishaiona kwa macho, ujue imeshamaliza kazi. Mwenye gari akasema, "Kaka, hayo ni mambo madogo, gari za umri huu zote ziko hivyo." Nikamshukuru, nikakunja gunia langu.

Ya pili nusura niichukue. Chesisi nzima, injini inanguruma vizuri, viti havijachanika. Tatizo lilikuwa mbele: kila tairi lilikuwa na mikono yake, halitegemei la pili. Kwenye barabara ndefu ya vumbi mfumo huo ni raha, na anayetaka gari la safari za hivyo ningemwambia ainunue ile ile. Mimi nilikuwa nafikiria mawe. Ukiwa na ekseli nzima ya mbele, yaani mhimili mmoja ulioshika matairi yote mawili, jiwe likiinua tairi la kulia, la kushoto linasukumwa chini likatafute ardhi. Halafu difu, lile boga la chuma lenye gia kwenye ekseli, inapanda na kushuka pamoja na matairi, kwa hiyo nafasi kati yake na ardhi haibadiliki. Kwenye ile nyingine difu imefungwa kwenye chesisi; springi zikibonyea, inakwenda kukutana na jiwe.

Hapo ndipo nilipojua natafuta nini hasa. Toyota Hilux ya kuvuta kwa magurudumu yote manne ilianza kutoka mwaka 1979 ikiwa na ekseli nzima mbele. Marekani waliibadilisha kuanzia modeli ya 1986, ila kwenye nchi nyingine kuna aina zilizoendelea na ekseli ile na kamani zake hadi 1997. Nikapata ya 1994, dizeli ya lita 2.8, haina turbo, pampu yake ya dizeli haijui kompyuta.

Sura yake, jamani. Boneti ina rangi yake tofauti, mlango wa dereva umebonyea, kiti kinaonyesha sponji. Lakini nyundo ililia kutoka bampa hadi bampa. Nikapangusa zile tufe mbili za chuma nyuma ya matairi ya mbele, ambazo ekseli inapindia. Zikiwa na utando mwembamba wa grisi ni sawa; zikichuruzika uji mweusi, maana yake sili ya ndani, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa na oili ya difu inaosha grisi. Ya kushoto ilikuwa safi. Ya kulia ilichuruzika kidogo, nikaiandika. Tukainua tairi kwa jeki, nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Halikucheza.

Nilikuwa nimemwomba mwenye gari asiliwashe kabla sijafika, na boneti niliikuta ya baridi. Liliwaka kwa mara ya pili, likatoa moshi mweupe kidogo, ukaisha. Gia ndogo, ile ya mwendo wa taratibu wenye nguvu, iliingia bila kelele. Habu ya kulia, ile ya katikati ya tairi la mbele inayoliunga na ekseli, ndiyo iligoma kugeuka kutoka FREE kwenda LOCK, mchanga na grisi iliyoganda. Nayo nikaiandika, na karatasi ile ikanisaidia sana kwenye bei.

Mkanda wa taimingi hakuna aliyejua ulibadilishwa lini. Nikaubadilisha wiki ileile. Kwenye injini hii ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hiyo kazi ya siku mbili ya mzee ndiyo inaanza.

Watu wananiuliza mbona sijaiinua ikae juu zaidi. Sijaona haja. Kwenye gia ndogo injini inazunguka mara 2.28 ya inavyozunguka kwenye gia kubwa, kwa mzunguko uleule wa tairi, na kwa mwendo huo wa kinyonga gari linapita sehemu nyingi nilizodhani haliwezi. Nikifika kwenye mchanga natoa upepo kwenye tairi, nikitoka najaza.

Kilichonikamata ni maji. Baada ya kuvuka mto kwa mara ya kwanza nilifungua difu ya mbele, oili ikatoka nyeupe na nzito kama losheni. Mzee akanionyesha kipumulio juu ya ekseli, kimezibwa na tope. Difu ikishapata moto kisha ikazama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na kama haina pa kuvutia inavuta maji kupitia sili. Tukaunga mpira mrefu hadi kwenye chumba cha injini, tukabadilisha pia ile sili ya kulia.

Jambo ambalo hata mzee hakunitajia ni mkia. Pikapu ina mkia mrefu nyuma ya tairi, na mbele ikishapanda ukingo mkali, mkia unabaki chini. Niligundua hilo nikitoka kwenye korongo, niliposikia chuma kikijikunja taratibu huku gari likiendelea kupanda bila wasiwasi wowote. Bampa ya nyuma niliifungua palepale kwa spana mbili, nikaitupa kwenye bodi ya mizigo, ikanipigia kelele njia nzima ya kurudi. Sijairudisha.